Muhula mmoja Uingereza: Edinburgh au London, Septemba au Januari?

Mwanafunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat akipata nafasi ya kusoma muhula mmoja Uingereza, swali la kwanza huwa ni chuo kipi kina jina kubwa. Kwa anayefuata shahada nzima, swali hilo lina uzito wake. Kwa mgeni wa miezi minne au mitano, kalenda ina uzito zaidi: masomo yanaanza lini, mitihani inafanywa lini, na tarehe hizo zinagongana vipi na ratiba ya chuo chako cha nyumbani. Hapa nalinganisha sehemu mbili ambazo watu wetu huziulizia sana, Chuo Kikuu cha Edinburgh kule Uskoti na SOAS, chuo cha London kinachojikita kwenye Afrika na Asia, kwa sababu zinatofautiana karibu katika kila jambo linalomgusa mtu wa muda mfupi.

Zote mbili zina undugu na sisi. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na chuo hicho kina Kituo cha Masomo ya Afrika tangu 1962. SOAS ilianzishwa 1916, na Kiswahili kimefundishwa pale tangu miaka yake ya mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilizaliwa 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo mengi utakayoyakuta huko, kuanzia mfumo wa alama hadi jinsi swali la insha linavyotungwa, utayatambua.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa Mtanzania wa shahada ya kwanza anayetaka krediti zake zihesabiwe bila mabishano, Edinburgh ya Septemba ndiyo salama zaidi. London naipendekeza kwa mtu mwenye kazi ya kufanya maktaba: tasnifu, utafiti wa historia, fasihi ya zamani. Sababu zangu ni hizi.

Kalenda

Edinburgh inagawa mwaka katika mihula miwili. Wa kwanza huanza katikati ya Septemba. Vipindi huchukua wiki 11, hadi mwisho wa Novemba, mitihani inafuata Desemba, na kabla ya Krismasi kila kitu kimekwisha. Wa pili huanza katikati ya Januari na mitihani yake hukamilika Mei. Kila muhula unajitegemea. Unaingia, unasoma, unafanya mtihani pamoja na wenyeji, unaondoka.

Vyuo vingi vya London, SOAS kikiwamo, bado vinakwenda kwa vipindi vitatu: mwishoni mwa Septemba hadi Desemba, Januari hadi Machi, kisha cha tatu baada ya Pasaka ambacho kwa sehemu kubwa ni cha mitihani. Anayekuja Septemba na kuondoka Desemba huenda akawa ameshafika kwao wakati wenzake wanafanya mtihani wa somo lile lile. Vyuo vinalijua hilo, na mara nyingi humpa mgeni insha badala ya mtihani, lakini utaratibu hubadilika kutoka kozi moja hadi nyingine. Uliza kwa kila kozi, kwa maandishi, kabla ya kujisajili. Na mtego huu hauko London tu. Manchester na Leeds zina mihula miwili kama Edinburgh, ila mitihani ya muhula wa kwanza hufanywa Januari, baada ya sikukuu, wakati tiketi yako ya kurudi inaweza kuwa ya Desemba.

Sasa igeuzie nyumbani. Vyuo vingi vya Tanzania huanza mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, na muhula wa kwanza huishia Februari au Machi. Septemba hadi Desemba ya Edinburgh inaingia ndani ya muhula mmoja wa kwetu bila kuugusa wa pili. Januari hadi Mei inakata mihula yote miwili: utakosa UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula wa kwanza, na utakosa nusu ya kwanza ya muhula wa pili, na hakuna ofisi ya mitihani itakayolipokea jambo hilo kwa tabasamu. Ni safari nzuri ya kukuletea supu (mitihani ya marudio) ambazo hukustahili. Mkenya ana nafasi zaidi, kwa kuwa vyuo vingi vya Kenya huanza Septemba na muhula unaofuata huanza Januari; yeye anaweza kuchagua miezi kwa hali ya hewa akitaka.

Viza: ya mgeni au ya mwanafunzi?

Wengi hudhani mwanafunzi lazima awe na viza ya mwanafunzi. Kwa masomo yasiyozidi miezi 6 katika chuo kilichoidhinishwa, viza ya kawaida ya mgeni inakubalika. Kwa viwango vya 2025, ya mgeni ilikuwa pauni 127 na ya mwanafunzi pauni 524. Tofauti hiyo peke yake ni fedha ya kula kwa zaidi ya mwezi ukijipikia.

Viza ya mgeni inakunyima kazi kabisa. Hata kujitolea ofisini kwa mtu bila malipo kwa jina la mafunzo ni kosa. Huwezi pia kuigeuza kuwa ya mwanafunzi ukiwa kule kule. Ukipenda kubaki mwaka mzima, unarudi nyumbani kuomba upya. Ya mwanafunzi inaruhusu kazi hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini chuo lazima kikudhamini rasmi, uthibitishe kiwango chako cha Kiingereza, na uonyeshe fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Tangu Novemba 2025 kiasi kinachotakiwa kwa kujikimu ni pauni 1,529 kwa kila mwezi wa masomo London, na 1,171 nje ya London. Kwa miezi 4 ni pauni 6,116 kwa London dhidi ya 4,684 kwa Edinburgh. Anayeomba ya mgeni hapewi kiwango maalumu, ila afisa atataka kuridhika kwamba safari imegharimiwa na kwamba utarudi. Barua ya chuo chako ikitaja tarehe ya kuendelea na masomo inasaidia kuliko salio kubwa lililoingia benki juzi.

Kuhusu kazi, sioni sababu ya kulipia viza ya ghali kwa matumaini ya vibarua vya miezi mitatu. Hadi upate namba ya bima ya taifa, akaunti ya benki na mwajiri anayekubali mtu wa kuondoka Desemba, vipindi vinaelekea ukingoni. Chukua ya mwanafunzi kama masomo yanavuka miezi 6, au chuo mwenyeji kinaitaka, au kozi yako ina sehemu ya mafunzo kazini.

Mpaka wa miezi 6 una faida nyingine mbili. Kipimo cha kifua kikuu, ambacho Mtanzania na Mkenya hutakiwa kupima kabla ya kuomba kwenda kukaa muda mrefu, hakihusiki. Na ada ya huduma ya afya, ambayo kwa mwanafunzi wa muda mrefu ni pauni 776 kwa mwaka, huilipi ukiwa umeomba kutoka nje na ruhusa yako yote haizidi miezi hiyo. Lakini bure ina gharama. Usipolipa ada hiyo hospitali hazikuhesabu kama mwenyeji. Chumba cha dharura watakupokea bila malipo, ila ukilazwa England bili inaweza kufika asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Bima ya safari inayogharimia kulazwa usiiache, hata kama wakala anakuambia si lazima.

London ya Januari hadi Juni inakaa pembeni kabisa ya mpaka huu. Ukifika mwanzoni mwa Januari na mtihani wako wa mwisho ukapangwa katikati ya Juni, zimebaki wiki mbili tatu tu. Hesabu siku kwenye kalenda, usikadirie. Edinburgh ya muhula wa pili, inayokwisha Mei, haina presha hiyo.

Wenye pasipoti ya Oman wana njia fupi: tangu Februari 2024 hawahitaji viza kwa ziara ya hadi miezi 6, wanaomba kibali cha kielektroniki cha kusafiri, ambacho kwa bei ya 2025 kilikuwa pauni 16. Waswahili wenye pasipoti ya Marekani au Kanada wamekuwa na utaratibu huo huo tangu Januari 2025. Masharti ya kutofanya kazi ni yale yale.

Chumba

Serikali inaihesabu Edinburgh kuwa nje ya London, hivyo karatasini ni rahisi. Mtaani mambo yako tofauti kidogo: Edinburgh ni mji wenye pango la juu, na Agosti nzima hujaa wageni wa tamasha za sanaa, kwa hiyo vyumba vinavyopatikana Septemba mapema ni vichache. Bado London inaizidi, hasa ukiongeza nauli. Edinburgh unaweza kuishi, kusoma na kununua mboga bila kupanda gari. London, chumba cha bei unayoimudu kitakuwa mbali na Russell Square ilipo SOAS. Basi la London kwa bei ya 2025 lilikuwa pauni 1.75 popote uendapo, na treni za chini ya ardhi hupanda bei kadiri unavyotoka katikati ya mji. Mwenye subira ya kukaa kwenye basi anaokoa sana.

Hosteli ya chuo ni chaguo la kwanza kwa mtu wa muhula mmoja, kwa kuwa tarehe zinafuata masomo. Hakikisha tu kwamba mkataba ni wa muhula, maana baadhi ya hosteli huuza mwaka mzima. Ukikosa, ukaenda kwa mwenye nyumba binafsi, Uskoti ina sheria nzuri ambayo wageni wengi hawaijui: tangu Desemba 2017 mikataba mipya ya nyumba binafsi haina muda maalumu, na mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya siku 28. England imefuata kwa sheria mpya kuanzia Mei 2026, ila notisi yake ni miezi miwili. Kwa anayekaa miezi minne, kutoa notisi ya miezi miwili maana yake unaitoa ukiwa bado unazoea njia ya kwenda dukani. Sheria hizi haziigusi hosteli za wanafunzi. Na kama mmepanga watatu kwa mkataba mmoja Uskoti, notisi lazima mkubaliane wote.

Darasani

Mzigo kamili wa muhula ni krediti 60 kote. Edinburgh kwa kawaida ni kozi tatu za krediti 20, SOAS ni nne za krediti 15. Tatu zinampa mtu nafasi ya kuzama. Nne ni rahisi zaidi kuzilinganisha na kozi za nyumbani ambazo huwa nyingi na ndogo. Shahada ya Uskoti ni ya miaka minne, na miaka miwili ya kwanza ni mipana, kwa hiyo mgeni anaweza kuchanganya siasa, uchumi na jiografia bila kuonekana mtu wa ajabu. SOAS imejifunga kwenye Afrika, Asia na Mashariki ya Kati: lugha, sheria, dini, uchumi wa maendeleo. Anayetaka fizikia au uhandisi hana la kufanya pale.

Alama hazitakushtua. A ya Edinburgh huanza 70, kama daraja la kwanza la London na kama A ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kufaulu ni 40. Anayeshtuka ni Mswahili aliyesomea Marekani, aliyezoea 92, akiona 64 anadhani amefeli kumbe mwalimu ameridhika. Mwambie mapema mratibu wa chuo chako cha Marekani, ili 64 isije ikaandikwa D.

Kinachobadilika ni ratiba. Vipindi ni vichache kuliko ulivyozoea, na siku tupu zile ni za kusoma. Desa la mwaka jana, zile noti za kurithi, halikufikishi mbali, kwa kuwa sehemu kubwa ya alama hutoka kwenye insha, na katika semina ya watu 12 ukimya wako unaonekana. Mwalimu mwenye mvi atakuomba umwite kwa jina lake la kwanza. Kwa sisi tuliolelewa kwa shikamoo mdomo hugoma. Tumia cheo na jina la ukoo, hakuna atakayekerwa.

Maktaba na nyaraka

Hapa ndipo London inapoiacha Edinburgh mbali, na kwa mtu wa historia au fasihi yetu ndipo mizani yote inapogeuka.

Maktaba ya SOAS ina miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu ambayo huipati kirahisi kwingine: tenzi, barua, mashairi. Humo mna makusanyo ya William Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kuyanakili mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua. Anayesoma ushairi wa Mvita akakaa muhula mzima Bloomsbury, mtaa wa SOAS, bila kuomba hata faili moja la Taylor, nauli yake imepotea. Jirani tu, kwa mwendo wa miguu, kuna Maktaba ya Uingereza pale St Pancras.

Kisha kuna Kew, kusini-magharibi mwa jiji, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Mawasiliano ya Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika yako kwenye mfululizo wa CO 691, ya Kenya CO 533, ya Zanzibar CO 618. Kuna pia FCO 141, mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni wakati wa uhuru na kufichwa miongo kadhaa, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha serikali mwaka 2011 kukiri kuwa inayo. Kadi ya msomaji hailipiwi, na kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa, jambo linalomaanisha kwamba wiki mbili za kazi ya bidii zinakupa malighafi ya mwaka mzima. Wanataka kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Chukua mapema barua ya chuo inayoonyesha anwani ya chumba chako, kwa kuwa hati zetu nyingi zina sanduku la posta tu.

Edinburgh si tupu. Maktaba ya Taifa ya Uskoti ina karatasi za Livingstone na za misheni ya Kanisa la Uskoti, ile ya Kikuyu na Tumutumu huko Kenya. Kwa anayeandika juu ya misheni, shule za misheni au mgogoro wa 1929 kuhusu tohara ya wasichana, Edinburgh ndiyo penyewe, na London inakuwa safari ya siku chache kwa treni.

Mwanga, baridi na futari

Baridi inavaliwa koti. Giza ndilo linalowaangusha watu. Edinburgh mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini alasiri. London hupata karibu saa nzima zaidi ya mwanga. Kwa Mwislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi za Desemba kule Edinburgh huja zikifuatana ndani ya takriban saa tatu na nusu, na mhadhara wa saa saba hadi saa kumi unaweza kuzila mbili. Bahati ni kwamba Msikiti Mkuu wa Edinburgh uko Potterrow, ubavuni mwa chuo, na unaweza kutoka darasani na kurudi kabla hujakosa kitu.

Muhula wa Januari una sura nyingine. Unaanza gizani na kila wiki mwanga unaongezeka; kufika Mei watu wa Edinburgh wako nje kwenye nyasi hadi saa tatu usiku. Ramadhani pia sasa inaangukia humo: 2026 ilianza katikati ya Februari, na ya 2027 itaanza mapema Februari, kwa hiyo saumu ni ya siku fupi, hasa mwanzoni mwa mfungo.

Watu na chakula

London utasikia Kiswahili kwenye basi. Kuna Watanzania na Wakenya mashariki mwa jiji, na upande wa Barnet kuna Wabrava, watu wa pwani ya Somalia, wenye Chimwiini chao, lahaja ya Kiswahili, ambacho Mmombasa hukisikiliza akicheka na kuelewa nusu. Ndizi za kupika, mihogo na samaki wa kukaanga utavipata kwenye masoko ya Ridley Road, Brixton au Upton Park. Bush House, ambako Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilitangaza miaka mingi, sasa ni majengo ya King's College. Wazee waliokulia kwenye redio watapenda uupige picha mlango ule. Edinburgh Waswahili ni wachache na chakula chetu ni cha kuulizia kwenye maduka ya Kiasia, ila uchache huo humlazimisha mtu kufanya urafiki na wenyeji, jambo ambalo London unaweza kulikwepa miezi yote minne.

Fedha na karatasi za mwisho

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hailipii safari hii. Ni ya shahada ya uzamili ya mwaka mzima. Kwa shahada ya kwanza njia ya bei nafuu ni makubaliano ya kubadilishana kati ya vyuo viwili, ambapo unaendelea kulipa ada ya nyumbani na chuo mwenyeji hakikutozi ya kwake. Anayekwenda kwa kujilipia hulipa ada ya mgeni, na hapo hata Edinburgh inakuwa safari ya mamilioni. Mwanafunzi wa uzamivu aangalie ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kugawa masomo kati ya nyumbani na Uingereza, unaofika hadi miezi 12.

Kabla ya kulipia chochote, idara yako isaini orodha ya kozi pamoja na za akiba mbili au tatu, maana kozi hufutwa au hujaa Septemba ukiwa umeshafika. Andika pia ni lini matokeo yako yatatumwa. Ya mitihani ya Desemba kwa kawaida hutoka mwakani, Januari au Februari, na kama mfumo wa usajili wa chuo chako unataka matokeo kabla ya kukufungulia muhula wa pili, barua ya mkuu wa idara inatakiwa iwe mezani kwa msajili kabla hujapanda ndege.